Benchi la Nyuma la Kamyoneti ya Useni

Baba mdogo Useni aliipenda kamyoneti yake kuliko alivyompenda mkewe, na mama mdogo Zainabu alikuwa akilisema hilo mbele yake bila kuogopa. Aliinunua ikiwa imeshachoka, mwaka wa hamsini na nne, kwa Mzungu mmoja mnunuzi wa pamba aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa na paa, madirisha, na benchi la ngozi nyuma, ikaitosha familia nzima. Kila asubuhi, pale mjini kwetu Baraka, alipaka mawese kwenye bawaba za milango, akaziba matundu ya mipira ya magurudumu, kisha akaita majirani waje kusukuma. Betri ilikuwa imekufa zamani. Injini ikishawaka, Useni hakusimama popote, hata mkwe wake akimpungia mkono njiani.

Balaa lilianzia hapo.

Marthe, mama mmoja wa Baraka, alifia Fizi kwa binti yake Émilienne. Useni akaombwa amlete azikwe kwao. Kwetu, maiti akisafirishwa, mnasimama kwenye kila mto. Mtu anagonga jeneza, anamwita kwa jina, anamwambia: tunavuka, tunakupeleka kwenu. Asipoambiwa, mwili utafika, yeye atabaki njiani.

Walipoukaribia mto Mutambala, Émilienne akasema, "Baba Useni, simama kidogo. Nimuambie mama."

"Motere ikizimika ndani ya mayi, nani atasukuma? Weye?"

Akapita. Émilienne alilia mpaka Baraka. Marthe akazikwa, watu wakala, wakatawanyika.

Baada ya mazishi benchi la nyuma likaanza kulowa. Upande mmoja tu, ule wa mlangoni. Useni akatafuta tundu kwenye paa, akapaka lami. Kilikuwa kiangazi kikali. Benchi likaendelea kulowa.

Siku moja mchana akaondoka na Zainabu kwenda Fizi kumwona mama yake mwenyewe, aliyekuwa mgonjwa. Binti yao Latifa alikaa nyuma peke yake. Katikati ya Mutambala, maji yakiwa chini ya magoti, injini ikazimika. Useni na Zainabu wakashuka kusukuma.

Mlango wa nyuma ukagoma kufunguka.

Mbingu ilikuwa nyeupe, bila wingu hata milimani. Lakini maji yalikuwa yanapanda. Yakafika kiunoni. Useni akavuta mlango mpaka kitasa kikabaki mkononi. Akapiga kioo kwa jiwe. Kioo hakikupasuka.

Ndani, Latifa alikuwa amejibana pembeni, kama mtu aliyempisha mwenzake akae.

"Baba," alinong'ona, "huyu mama anauliza kama tulishavuka."

Useni akaacha kupiga kioo. Alijua ni nani. Zainabu ndiye aliyemsukuma kando, akagonga mlango kwa kiganja. Maji yalikuwa kifuani. Alikuwa analia, hakupata nafasi ya kuchagua maneno.

"Marthe! Tuko navuka Mutambala! Shuka, mama. Twende kwetu!"

Mlango ukafunguka wenyewe, polepole. Latifa akamrukia mama yake. Maji yakashuka.

Walirudi Baraka kwa miguu. Gari lilikuja kuvutwa baadaye. Useni hakutaka kuliona tena, akaliuza vipande vipande. Benchi tu halikupata mnunuzi, likawekwa barazani.

Asubuhi, upande mmoja ulikuwa umelowa.

Wakamwita Émilienne. Akagonga benchi, akamwita mama yake, akamwambia kama inavyotakiwa: tunakupeleka kwenu. Wakasubiri. Latifa ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini.

"Anasema hapa ndiyo kwao. Mama yangu alimukaribisha, alimuambia twende kwetu."

Tangu siku ile Useni hakuvuka tena. Kila gari alilopanda lilizimika mtoni. Akienda kwa miguu, maji yalimpanda kifuani yeye peke yake, na wenzake wakipita wakiwa wamekunja suruali tu. Mama yake alifia Fizi akimwita. Useni alisimama ukingoni siku nzima. Nilikuwepo, na mpaka leo sipendi kukumbuka uso wake.

Alifariki mwaka jana. Wosia wake ulikuwa mmoja: azikwe Fizi, kando ya mama yake. Tulisimama Mutambala. Latifa, sasa mama wa watoto, akagonga jeneza, akamwita kwa jina, akamwambia yote bila kukosea. Lori likazimika. Tukasukuma mpaka tukachoka, halikusogea. Tulipoligeuza kuelekea Baraka, likawaka mara moja. Tukamzika Baraka.

Asubuhi iliyofuata nilitoka mapema kwenye baraza ya Useni, penye lile benchi. Mvua haikuwa imenyesha. Upande wa Marthe ulikuwa umelowa kama siku zote.

Na ule wa pili pia.