Marekebisho ya Odalys

Penzi lao lilianzia kwenye lifti ya jengo la bunge la jimbo, Tallahassee, lifti imejaa pomoni. Odalys Carbonell, ndani ya gauni la kitani la njano, alimmwagia Tobias Renfroe kahawa nzito ya Kikyuba kwenye tai yake ya buluu.

"Ala! Wa Seneti?" aliuliza, akiitazama beji yake.

"Ndiyo. Na wewe bila shaka wa Baraza la Wawakilishi. Hamna adabu nyie."

"Adabu tunayo, bwana. Nafasi ndiyo hatuna."

Wiki ile ile walikuwa wakila pamoja kambare wa kukaanga, na Odalys akamweleza habari za mdogo wake, Rey. Akili ilimruka barabarani kule Hialeah, polisi hawakuwa na pa kumpeleka, wakamtia jela. Odalys alikuwa msaidizi wa Bi Pruitt, mjumbe aliyeleta muswada wa kuwapeleka kliniki wagonjwa wa namna hiyo, mara tu gavana atakapotia sahihi. Wawakilishi waliupitisha, ukavuka kwenda Seneti, kwenye kamati ambayo Tobias alikuwa msaidizi wake.

"Nitunzie mtoto wangu," Odalys alimwambia kwenye simu.

"Nitamlea kama wa kwangu, mpenzi."

Siku ya mwisho ya kikao mtoto akarudi. Seneti imeupitisha, lakini na marekebisho: sheria ianze baada ya mwaka mzima. Aliyeyaandika ni Tobias. Odalys akampigia papo hapo.

"Ndiyo malezi hayo, Tobias?"

"Mwenyekiti wa kamati aliukalia. Alitaka mwaka wa kutafuta vitanda, la sivyo hautoki."

"Na mimi ukaninyamazia."

"Nilikatazwa kusema kabla ya kura. Nimekukosea, mpenzi."

Akamkatia simu. Alimpenda, na ndiyo maana ilimuuma hivyo.

Bi Pruitt akamwinamia. "Tukubali au turudishe, binti yangu?"

Kurudisha kulikuwa kuuzika, maana jioni kikao kinafungwa na kisichokamilika kinakufa. Angemkomoa Tobias, na Rey angebaki bila chochote.

"Tukubali, mama. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

Jioni, wakuu wa ulinzi wa mabaraza yote mawili walisimama uso kwa uso ukumbini, wakaziachia leso zao nyeupe zianguke kwa pamoja, desturi yao ya kufunga kikao. Kikao kwisha. Katikati ya vigelegele Tobias alikuja amevaa tai ile ile, doa lake kifuani.

"Hujaifua?"

"Nimeifua. Doa limegoma kutoka, na mimi nimegoma. Nikuoe, Odalys?"

Machozi yalimlenga. "Nakubali, ila na marekebisho."

"Yapi tena?"

"Harusi ingoje mpaka Rey atibiwe. Yeye ndiye atakayenishika mkono kunileta kwako. Na mpaka siku hiyo, kila mwezi tunakwenda wote kumwona."

"Hialeah? Ni kutwa nzima barabarani. Siwezi kupunguza kidogo?"

"Umechelewa. Leso zimeshaanguka."

"Basi nakubali kama yalivyo," alisema Tobias, akamfuta machozi kwa tai yenye doa.