Nyasi Zilizokuwa Ndani ya Kizimba

Mvua ilikuwa imenyesha. Kwa nini basi malisho yetu hapa Marafa yalibaki ardhi tupu? Ng'ombe wetu wa maziwa alikuwa amekonda hata kusimama kulimshinda. Baba yangu, Mwaringa, alikuwa amekwisha kuzungumza na mchinjaji.

Wiki kadhaa kabla ya hapo, mtafiti wa malisho aitwaye Nyakio alikuwa ameomba ruhusa ya baba. Aliweka vizimba vya waya malishoni, kila kimoja kikubwa kama meza, mifugo wasile nyasi za ndani.

Asubuhi moja nyanya yangu Kahaso, ambaye sote twamwita hawe, alikwenda kuchukua kimoja.

"Mwewe anamaliza vifaranga wangu," alisema akitoka nyumbani, "na waya huu walinda udongo!"

Alifika, akakiinua, kisha akaniita.

"Kanze! Njoo uone!"

Nilikimbia. Ndani, nyasi zilifika magotini. Nje, hata unyasi mmoja haukuwapo. Hawe alikirudisha kizimba upesi, akakaa hapo na fimbo kufukuza mbuzi.

Nyakio alipofika alimwamkia, "Shikamoo, nyanya."

"Marahaba. Nalikuja kuiba, sasa mimi ndiye mlinzi."

Baba naye alikuja kutazama. "Umezitia dawa gani?"

"Sijatia dawa, mzee. Nimezuia midomo tu. Machipukizi yakiliwa mara yachomozapo, mizizi huishiwa nguvu ikafa. Yakiachwa hadi yatoe mbegu, nyasi huvumilia kuliwa. Kwingine tumezikata na kuzipima kwa mizani misimu mitatu. Jibu ni lile lile."

"Na nikingoja, ng'ombe wangu ale vitabu vyako?"

Nyakio alicheka. "Gawa malisho, mzee. Upande mmoja uliwe, mwingine upumzike. Ng'ombe huyu mpe mabua ya mahindi kwanza."

Baba hakumwita mchinjaji. Tulizungushia nusu ya malisho ua wa miiba, nikawa nakata mabua kila siku. Ng'ombe akasimama. Msimu uliofuata alizaa, na maziwa yakatosha ndama na chai yetu.

Upande uliokuwa umelala ulijaa nyasi. Tukalisha mifugo huko, tukafunga ule mwingine. Nao ulipochipua, jirani yetu Randu alikuja na wenzake na mbuzi wao.

"Mwaringa, nyasi zote hizi wamwekea bibi arusi gani?"

Walicheka. Baba alicheka pia, kisha akasimama mbele ya ua.

"Upande huu haufunguliwi mpaka mbegu zianguke. Ng'ombe wangu hawaingii, na mbuzi wenu hawaingii. Zikianguka, tutalisha sote kwa zamu."