Banda Lililosifiwa kwa Ukimya

Uliwaona. Usiseme hukuwaona. Ulipita pale bandani na madaftari kwapani, ukaona watoto wachanga ishirini wamelazwa kwenye jamvi, wanatazama mabati, hakuna hata mmoja anayelia. Ukasema, "Watulivu hawa!" Ukaenda zako.

Mwaka 1974 Yudith naye alisema hivyo hivyo. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila siku shule ikifungwa, alishuka njia ya utelezi katikati ya michai hadi banda la watoto la shamba, kumchukua mdogo wake Mika, mwenye miezi kumi. Mama yao, Marta, alichuma chai tangu ukungu haujainuka mpaka majani yapimwe kwenye mizani ya jioni.

Bandani alikuwamo Bibi Perpetua peke yake. Watoto ishirini, bibi mmoja, mgongo mbovu. Aliwapa uji kwa zamu, akawafuta, akawarudisha jamvini. Amri ya nyapara Yeremia iliandikwa kwa chaki mlangoni: MTOTO ASIBEBWE. "Ukimbeba mmoja watalia wote," alisema, "na mama zao wakisikia, mikono inazubaa." Kushuka kunyonyesha kabla ya mizani ya mchana kulikatazwa pia. Shamba lilikuwa mali ya umma sasa, bendera inapepea ofisini, lakini amri ilikuwa ile ile ya mabwana wa zamani. Ubao wa jina ulibadilishwa, uchafu ukaachwa.

Siku moja walikuja wageni kukagua shamba. Walichungulia bandani, wakasikia kimya, wakapiga makofi. Makofi! Yeremia alitabasamu kama bwana harusi.

Mchana ule Yudith alifika na rafiki yake Salma.

"Mdogo wako halii kabisa," Salma alisema. "Wa kwetu kelele kama kasuku!"

"Huyu mstaarabu," Yudith alijigamba. "Hata nyumbani alipokuwa akilia tulimwacha, akanyamaza mwenyewe."

Salma akainama, akamtolea Mika ulimi, akatikisa kichwa kama mbuzi. Mika alitazama ukuta.

"Mbona hacheki?"

"Hakujui wewe."

"Haya, mwite wewe basi."

Yudith akaita. "Mika! Mika wee!" Akamgusa shavu. Macho ya mtoto yalimpita, yakarudi ukutani. Kila siku Yudith alimbeba mgongoni kama mzigo wa kuni, na hakukumbuka ni lini aliongea naye.

Jioni Mika aligeuza uso, akakataa uji. Kesho yake tena. Mbavu zikaanza kuonekana. Marta akaogopa, akampeleka zahanati, Yudith akafuata nyuma.

"Shikamoo, muuguzi," Yudith alisema.

"Marahaba, mwanangu," alijibu Muuguzi Secilia. Akampima Mika. Homa hakuna, minyoo hakuna. "Nani anaongea na mtoto huyu?"

Marta akashangaa. "Kuongea? Dada, mtoto mwenyewe hajui kusema."

"Alikuwa anasema, Marta. Alilia, hakuja mtu. Akalia tena, hakuja mtu. Sasa ameacha kuita. Ninyi mnaita utulivu. Mimi naita kukata tamaa."

Asubuhi iliyofuata Marta alisimama kati ya wachumaji wenzake, akawaeleza. Wakaweka vikapu chini, wote.

"Mnataka chai ichumwe na nani, nyani?" Yeremia alifoka.

"Tutachuma sisi," Marta alisema, "tukishanyonyesha."

Walikaa chini mpaka jua likawa utosini, na majani hayangojei mtu. Yeremia akafuta ile chaki ya mlangoni kwa kiganja chake mwenyewe. Tangu siku ile akina mama walishuka saa nne kunyonyesha, na bibi wanne wakaongezwa bandani, kila bibi na watoto wake wanne, wale wale kila siku.

Yudith naye alimpakata Mika kila mchana, uso kwa uso, akamsimulia habari za shule. Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Alitamani kuacha. Wiki ya tatu Mika alimshika pua. Yudith alipomweka chini, mtoto akaangua kilio.

"Mama! Amelia! Analia kwa kunitaka mimi!"

Marta akaja mbio, akicheka huku machozi yanamtoka.

Muuguzi Secilia alipowatembelea, Mika alikuwa anakula. Alimwambia Yudith, "Uji hujenga mwili, mwanangu. Lakini mtoto anahitaji pia mtu wake, anayemjibu. Akiita akajibiwa, anajua kwamba yeye ni mtu. Kumjibu si kumdekeza."

Na wewe? Yupo mtoto hapo nyumbani kwenu, au kwa jirani, amelala anatazama dari. Usingoje kesho. Funga kitabu hiki. Nenda umpakate, mtazame, mwite jina lake. Asipogeuka leo, mwite tena.