Mashine ya Tano Ikaitika

Hebu fumba macho, mwanangu, uone chumba kidogo mtaa wa Hai Malakal, hapa Juba. Dirisha limezibwa kwa mbao na kiyoyozi kinanguruma. Ukutani zimepangwa kompyuta nne nyeusi, taa zao za kijani zikipepesa. Ndani yake mna majina ya watoto waliopotezana na wazazi wao wakati wa vita. Majina ni mengi mno kwa kompyuta moja, kwa hiyo yamegawanywa, kila mashine na fungu lake. Mashine zenyewe zinaitwa kwa majina ya mitaa: Mauna, Munuki, Gudele na Gumbo.

Msimamizi wake alikuwa Gatdet, kijana aliyekulia Nairobi akarudi na shahada. Elimu yake ilitafuta mahali pa kukaa kichwani, ikakosa, ikaishia puani.

Kila amri ilitumwa kutoka mezani kwake kwenda kwa mashine zote kwa pamoja. Kanuni ilikuwa kuzitaja moja moja, na kila moja hujibu ikianza na jina lake. Gatdet aliona kuandika majina manne ni kazi ya makarani. Akaandika tu: wote.

Watu wa kando ya mto hawaiti hivyo. Mama akiwaita watoto kula magharibi huwataja kwa majina, kwa sababu ukisema "njooni wote" hujui ni nani mwingine alikuwa akisikiliza. Bibi yake Gatdet alimfundisha hilo. Gatdet alimcheka bibi yake.

Mchana mmoja aliziuliza mashine kama ziko hai. Mauna: nipo. Munuki: nipo. Gudele: nipo. Gumbo: nipo. Kisha ukaja mstari mwingine usio na jina mbele yake: nipo.

"Bosi," alisema Harriet, fundi mwenzake kutoka Uganda, "sisi iko na mashine ngapi?"

"Nne."

"Na hii ingine ya nani?"

"Maze, hiyo ni network tu. We kila kitu unaona shetani. Enda ukunywe chai."

Harriet hakwenda. Chumba kilikuwa kimeanza kunuka tope la mto na nywele zilizoungua.

Nje, kwenye benchi, alikaa mama mmoja wa Hai Mauna aitwaye Santina. Alikuwa akimtafuta binti yake, Amer. Asubuhi ile Harriet alikuwa amepata sehemu ya habari: msichana mwenye jina hilo, mwenye kovu la moto kwenye kiwiko cha kushoto. Kilichobaki ni kujua analelewa wapi, na hilo lilikuwa ndani ya Gumbo.

"Ya Harriet," Santina aliita mlangoni, "mtoto yangu iko?"

"Iko, mama. Ngoja kidogo."

Gatdet akauliza: Amer analelewa wapi? Gumbo haikujibu. Ulijibu ule mstari usio na jina: amekaa nami.

Kisha kutoka ndani ya mashine zisizo na spika ikasikika sauti nyembamba ya mtoto ikisema "Mama," na Santina akasimama nje akaanza kugonga mlango kwa viganja, na sauti ikahama kutoka mashine hadi mashine kama mtu anayepapasa ukuta gizani, na feni zikavuma mpaka mbao za dirisha zikatetemeka, na ile harufu ya nywele ikakaa kwenye ulimi kama majivu, na Harriet, huku midomo ikimcheza kwa Baba Yetu, akampigia simu mzee Loro wa Rejaf, kujur anayejua kuzungumza na vitu visivyoonekana.

Loro alifika kwa boda, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Kujur kwa server room!" Gatdet alicheka, ingawa jasho lilimtiririka. "Mzee, hiyo kitu yako inatumia password gani?"

Loro hakumtazama. "Nani naita hii kitu?"

"Yeye," Harriet alinong'ona. "Aliita wote."

"Basi wote nakuja. Wewe, binti, taja yenu kwa jina. Ambia kila moja, kaa. Hii haina jina hapa. Kama hakuna mtu naita yeye, yeye nachoka, naenda."

Harriet akaandika. Mauna, kaa. Harufu ikapungua. Munuki, kaa. Mlio wa feni ukashuka. Gudele, kaa. Sauti ya mtoto ikawa mbali, kama ng'ambo ya mto.

Ikabaki moja tu, na msomi wetu akashindwa kuvumilia kuokolewa na mzee mwenye kandambili.

"Acheni uchawi!" Akamsukuma Harriet na kuandika amri ya kufuta kila kitu. Akaituma kwa wote.

Mashine ni tiifu, mwanangu. Mauna: nimefuta. Munuki: nimefuta. Gudele: nimefuta. Gumbo: nimefuta. Nakala ya akiba haikuwepo. Gatdet alisema siku zote kwamba akiba ni ya waoga.

Ukaja mstari wa mwisho: mimi nimebaki.

Loro alichukua fimbo yake akatoka bila kuaga. Gatdet aliketi akiutazama mstari ule. Nje, Santina alikuwa bado anauliza kama mtoto yuko.

Hakuna karatasi wala mashine inayojua tena msichana yule alipo. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja tu, taratibu, kama ninavyomwomba kila mtoto: ukimwona msichana mwenye kovu la moto kwenye kiwiko cha kushoto, kumbuka kwamba anaitwa Amer, na mama yake anakaa Hai Mauna.