Mjomba wa Pembeni

Duka la nguo la Msambweni lilikuwa limejaa siku hiyo mpaka mwenye duka akawa anapimia vitambaa juu ya vichwa vya watu. Idd ilikuwa imebaki wiki mbili, tena ulikuwa mwaka wa pili tangu Uhuru, na kila mtu alitaka kuvaa kipya. Kitambaa cheupe cha marekani kilibaki yadi sita tu, na mikono miwili ikakikamata kwa pamoja.

"Kaka, nimeshika mimi kwanza," alisema msichana mwenye kanga ya rangi ya chungwa na wanja uliokolea.

"Dada yangu, hata salamu?"

"Salamu utaipata ukiachia kitambaa."

Kijana akacheka, lakini hakuachia. Aliitwa Sefu, mtu wa Malindi, na alikuwa amekuja na kamera kuukuu kufungua studio barazani kwa shangazi yake. "Hiki nitakitundika ukutani, watu wapigwe picha mbele yake. Familia nzima, kwa bei ambayo Mombasa mtu hapigwi picha hata ya sikio."

"Mimi namshonea mjomba wangu kanzu," alisema msichana, jina lake Mishi. "Sasa nani ana haja kubwa?"

Mwenye duka hakungoja jibu. Alipitisha mkasi katikati, akampa kila mmoja nusu yake, akawaomba waende wakagombane nje. Nao wakaenda, ila hawakugombana.

Pazia la Sefu likawa jembamba, lakini studio ikasimama. Aliupaka ubao chokaa, akauegemeza barazani ili urudishe mwanga wa jua kwenye nyuso, kwa kuwa taa za umeme hakuwa na uwezo nazo. Fremu alizitengeneza mwenyewe kwa vipande vya mbao na vioo alivyoviokota kwa maseremala. Mishi alipita kila alasiri, mara anauliza bei, mara anauliza bei ileile.

"Jana nilikutajia," Sefu alimwambia.

"Nimesahau."

"Basi njoo na kesho usahau tena, roho yangu."

Siku ya Idd Mishi alileta familia yake yote. Sefu alimkalisha baba kwenye kiti, katikati kabisa, mama na wadogo wakamzunguka. Mishi akasimama mwisho wa mkono wa kulia. Mwisho wa mkono wa kushoto, nje ya pazia, mgongo kwenye ukuta wa udongo, akasimama Mzee Chirau, ndugu wa mama, na kanzu yake mpya.

"Kijana," alisema mzee, "unatupiga picha au unamtazama mtoto wetu?"

Watu wakacheka, na Sefu akaona haya mpaka akajificha chini ya kitambaa cha kamera.

Sasa hapa ndipo alipokosea, maskini. Kwao mwenye neno nyumbani alikuwa baba, naye hakuuliza mambo ya wenyeji. Hakujua kwamba kwa Wadigo wale mjomba ndiye mzazi wa kwanza, na binti haozwi mpaka yeye aitikie. Picha ilipokauka, ikawa pana kuliko kioo. Ilibidi ukatwe upande mmoja. Sefu akautazama ukuta wa udongo, akamtazama Mishi, akakata.

Siku ya pili Mishi alikuja na fremu mkononi. Baraza lilikuwa limejaa wateja.

"Sefu, mjomba yuko wapi?"

"Mjomba yupi?"

"Aliyekutania! Umemlipizia, sivyo?"

"Wallahi sikumlipizia. Kioo kilikuwa kidogo, nikakata upande."

"Pande zilikuwa mbili. Mbona ule?"

Angelisemaje mbele ya wateja na shangazi yake? Sefu alinyamaza, na Mishi akaona kwamba kunyamaza kule ni kukiri.

"Mama amelia," alisema. "Mjomba aliyetulea ametolewa kama takataka. Amesema nihamie kwake Gazi. Kuna mtu wa Bongwe amepeleka posa, mwenye minazi, na Ijumaa ya mwisho wa mwezi atapewa jawabu. Na mimi, mjinga mimi, nilikuwa nakungoja wewe!"

Alihama siku hiyohiyo. Sefu alisafisha picha nyingine, nzima, akaipeleka Gazi kwa mkono wa dereva wa lori. Ikarudi na bahasha yake haijafunguliwa. Mchana aliwaambia wateja wainue nyuso, jioni akakaa peke yake barazani akiitazama njia aliyokuwa akipita Mishi. Alimtamani mpaka chakula kikamshinda. Gazi nako Mishi alishona nguo za watu kutwa, na kila baiskeli iliyopiga kengele njiani ilimfanya asimamishe cherehani. Alikuwa na hasira naye, na alimtaka. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja kifuani mwake usiku na mchana.

Ijumaa ile, asubuhi, Sefu alifunga studio, akapanda baiskeli hadi Gazi. Alimkuta Mzee Chirau uani akipanga boriti za mikoko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kunikata tena?"

"Nimekuja kusema kweli." Sefu alipiga magoti mchangani. "Nilikuwa na mkasi mkononi. Upande huu wewe, upande huu Mishi. Sikukujua wewe ni nani, mzee, hilo ni kosa langu na naomba radhi. Lakini hata ningelijua, mkono usingeweza kumkata Mishi."

Ndani, cherehani ilinyamaza. Mzee Chirau aliiweka chini boriti aliyoishika.

"Barazani kwa shangazi yako ulishindwa kuyasema haya?"

"Niliona haya."

"Mishi!" aliita mzee. "Umesikia?"

"Nimesikia, mjomba," sauti ilitoka nyuma ya mlango.

"Mtu wa Bongwe atakuja baada ya sala. Nimwambie nini?"

Kiti kikasogezwa ndani. Kisha: "Mwambie amechelewa."

Mzee akacheka kidogo, ingawa hakutaka. "Haya, kijana, lete wazee wako. Na waje kwangu kwanza. Huko kwa babake watapita baadaye."

Mishi akatokea mlangoni, uzi bado begani, machozi na wanja vimechanganyika. Sefu akasimama, akabaki anamtazama tu.

"Wazee wako wako Malindi?" Mishi aliuliza.

"Malindi."

"Ni mbali, mpenzi wangu. Basi mbona bado umesimama?"