Mti wa Ubani wa Bi Ghadir

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Harusi alifagia uwanja, akawawekea kuku maji, kisha akampelekea bibi yake kahawa ya tangawizi barazani. Waliishi wawili tu, yeye na Bi Ghadir, katika nyumba ya mawe pembeni mwa kijiji cha Mwera, wilayani Pangani. Mama yake alifanya kazi Tanga mjini na alikuja kila mwisho wa mwezi.

Saa moja hivi alifika Lucas, mtunza bustani. Alikuwa mtu wa Lushoto, mpole, mwenye kusema maneno machache. Mkewe alikuwa amefariki, naye alimlea peke yake binti yake, Loveness. Loveness na Harusi walisoma darasa la sita, na walikaa dawati moja.

Katika bustani ile mlikuwa na midimu, mabilingani na mchicha. Lakini mti uliopendwa kuliko yote haukuwa na tunda wala kivuli. Ulikuwa mti wa ubani. Kimo chake kilimfika Harusi kifuani, na gome lake lilibanduka kama karatasi kuukuu. Babu yake Harusi alikuja nao kutoka Oman ukiwa mche mdogo ndani ya kopo. Akaupanda juu ya kichuguu cha mchanga na mawe, akasema, "Ghadir, siku moja tutafukiza nyumba yetu kwa ubani wetu wenyewe." Mwaka uliofuata akafariki dunia.

"Huu ni mti wa jangwani," Bi Ghadir alikuwa akisema. "Kikombe kimoja cha maji kwa mwezi kinautosha. Ukiuzidishia, unauua."

Mwaka ule mvua za vuli hazikunyesha. Mchicha ulinyauka na ardhi ikapasuka. Majani ya mti wa ubani yakaanza kupukutika, moja moja, mpaka matawi yakabaki matupu.

"Bibi, mti wako unakufa!" Harusi alisema.

"Haufi, mjukuu wangu. Umelala tu. Mvua zikija utaamka."

Harusi hakuamini; alidhani ukame ule umeuzidi hata mti wa jangwani. Alimwona bibi yake akikaa karibu na mti ule kila alasiri, na moyo ukamuuma. Kesho yake alfajiri, Bi Ghadir alipokuwa akisali, Harusi alichota kopo la maji akaumwagia mti. Akafanya hivyo siku ya pili na ya tatu. Baada ya wiki moja vichipukizi vya kijani vilitokeza. Bi Ghadir akadhani umande umeuamsha, maana kufika alasiri mchanga wa juu ulikuwa umekauka. Harusi alifurahi mno! Akaacha kopo, akaanza kuchukua nusu ndoo.

Siku chache baadaye vichipukizi viligeuka manjano. Jumamosi moja asubuhi wakaukuta mti umeinama. Bi Ghadir alilishika shina. Lilikuwa laini kama ndizi iliyooza, na mara likamkatikia mkononi. Akachomeka vidole mchangani. Vilitoka na tope.

"Lucas!" aliita kwa sauti ambayo Harusi hakuwahi kuisikia. "Nilikwambia nini juu ya mti huu?"

Lucas alikuja mbio, mpira wa maji ukiwa mkononi. "Uliniambia nisiuzidishie maji, Bi Ghadir. Sijaumwagia hata tone."

"Na tope hili limetoka wapi? Mvua imenyesha?"

"Haki ya Mungu, si mimi."

Bi Ghadir alimgeukia mjukuu wake. "Harusi, umemwona mtu akiumwagia mti huu maji?"

Harusi alifungua kinywa. Alilitazama shina lile mkononi mwa bibi yake, akaona machozi yakimtiririka bibi mashavuni.

"Sijui, Bibi," alisema.

"Nenda zako, Lucas," Bi Ghadir alisema polepole. "Sitaki kukuona tena hapa. Kitu pekee alichoniachia mume wangu, na wewe umekiozesha."

Lucas aliuweka mpira chini, akavua buti za bustani, akaondoka pekupeku.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Bi Ghadir hakukaa tena bustanini. Lucas alipata kibarua cha kukata mkonge, kazi ngumu ya kutoka alfajiri na kurudi jioni. Dawatini Loveness alikaa mbali kidogo, ingawa hakumlaumu Harusi kwa lolote. Harusi alijiambia, "Nitasema kesho." Kesho ikafika, naye akasema hivyo hivyo.

Ijumaa moja, baada ya masomo, Loveness alimngoja nje ya darasa.

"Kesho naondoka," alisema. "Nakwenda Lushoto kwa bibi. Baba anasema siwezi kushinda peke yangu nyumbani."

"Utarudi lini?"

"Sijui." Loveness alishusha sauti, akasema, "Anayenitia wasiwasi ni Baba. Hali chakula vizuri siku hizi. Kila jioni ananiuliza, 'Au ni mimi niliyesahau kufunga bomba? Au akili yangu imeanza kupotea?' Jana alilia, Harusi. Sijawahi kumwona Baba akilia, ila siku tuliyomzika Mama."

Harusi alikimbia moja kwa moja mpaka nyumbani, akamkuta Bi Ghadir akichambua mchele.

"Bibi, ni mimi!" alisema akihema. "Mimi ndiye niliyeumwagia mti maji. Niliona unakufa. Nilitaka kukuponyea. Baba Loveness hana kosa."

Bi Ghadir aliacha kuchambua. Aliutua ungo chini.

"Kila siku?" aliuliza.

"Kila siku, Bibi."

"Na nilipokuuliza, ukasema hujui."

Harusi aliinama. Bi Ghadir hakumpiga wala hakumfokea. Aliinuka, akavaa buibui lake, akasema, "Twende."

Jioni ilishaingia walipomkuta Lucas mlangoni kwake akifunga begi la Loveness kwa kamba. Viganja vyake vilijaa michubuko ya mkonge. Alipowaona alisimama.

"Shikamoo, Bi Ghadir."

"Marahaba. Lakini leo mimi ndiye ninayestahili kukuamkia wewe." Bi Ghadir alimsukuma Harusi mbele kidogo. "Sema."

Harusi alisema yote huku akilia. Lucas alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa chini kwenye kizingiti kama mtu aliyetua mzigo mzito.

"Kwa hiyo sikusahau bomba," alisema.

"Hukusahau," Bi Ghadir alijibu. "Mimi nilikudhulumu. Umenifanyia kazi miaka saba na hujawahi kuniambia uongo, lakini sikutaka kukusikiliza. Naomba radhi. Kazi yako ipo, ukiitaka."

Loveness alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Alimkazia Harusi macho. "Ulikuwa ukijua siku zote," alisema, akaingia ndani.

Lucas alirudi bustanini Jumatatu. Lakini Loveness alikwishasafiri, kwa kuwa nafasi katika shule ya Lushoto ilikuwa imeshapatikana, na angemalizia mwaka huko. Harusi alibaki peke yake dawatini. Alimwandikia barua ndefu ya kuomba msamaha. Wiki tatu zilipita kabla jibu halijafika, mistari miwili tu: "Nimeisoma barua yako. Nitarudi Januari, tutaongea." Harusi aliisoma mara nyingi.

Jioni ile alikaa barazani karibu na bibi yake. "Bibi, bado unanikasirikia kwa ajili ya mti?"

"Mti naulilia, sikufichi," Bi Ghadir alisema. "Lakini kwa mti nilikusamehe siku ileile. Uliumwagia maji kwa mapenzi, bila kuelewa, na mtoto hufundishwa. Kilichoniumiza ni kule kunyamaza. Uliona mtu anabebeshwa kosa lako, ukamwacha alibebe. Mimi nami nilikosa, nilihukumu kwa hasira. Mwanangu, ukikosea, sema palepale, hata kama sauti inatetemeka. Ungesema Jumamosi ile, tungeulilia mti peke yake."

Harusi aliegemeza kichwa begani kwa bibi yake. Kule bustanini Lucas alikuwa akimwagilia mchicha, na kichuguu cha mawe kilikuwa kitupu.