Ingia Ndani, Magharibi Hii

Rukaya alianza kuacha nusu ya ndizi.

Hakuwa mtoto wa kubakiza chakula. Alikuwa na miaka mitatu na tumbo lisilojua kushiba. Lakini tangu mvua ilipokaza, alikuwa akila ndizi yake nusu, anaifunika nusu ya pili kwa ganda lake, taratibu kama anayemfunika mtu shuka, kisha anakwenda kuiweka kwenye mlango wa chumba cha mashine.

"Ya nani hiyo, mama?" Hadijah alimuuliza binti yake.

"Ya kaka."

Muddy, kaka mtu, alikuwa kaburini tangu mwaka uliopita. Homa ya mapafu ilimchukua akiwa na miaka saba, na wakati ule Rukaya alikuwa mdogo mno kumkumbuka. Hadijah akasoma Kul huwallahu kimoyomoyo, akarudi jikoni. Baadaye alipopita pale mlangoni alikuta ganda tupu, limelowa.

Chumba kile kilikuwa cha Muddy. Mume wa Hadijah, Mansuri, mwalimu wa kompyuta aliyeletwa Tukuyu kutoka Kondoa, alikitoa kitanda akaweka meza, na juu ya meza akaweka kompyuta ndogo isiyozidi ukubwa wa sanduku la viatu. Aliiita nodi. Alimweleza mkewe kwamba kuna kompyuta nyingi duniani zinazoshika kumbukumbu moja, kila moja ina nakala yake kamili, na zinakaguana usiku na mchana ili asiwepo wa kudanganya wala wa kufuta. Siku za mwanzo alikesha akiandika amri kwenye kioo cheusi, akafunga betri ya sola kwa ajili ya umeme kukatika, kisha akaiacha mashine inakili kumbukumbu zote tangu ya kwanza kabisa.

"Kilichoandikwa humu hakifutiki," alisema. Hadijah aliona macho yake yamelowa, akadhani ni uchovu.

Jirani yao Pudensiana aliipenda mashine kwa sababu zake. Mtaani kwao Makandana kukinyesha, nguo zinakaa kambani mpaka zinanuka, na chumba kile kilikuwa na joto.

"Mama Rukaya, hii mashine ya mumeo ingekuwa yangu ningeshaitilia mayai," alisema akianika soksi za wanawe kwenye kamba ya Hadijah. "Mnakaa na joto lote hili bure, hata kifaranga hamna!"

"Mwambie mwenyewe Mwalimu uone."

"Aa, Mwalimu atanichapa."

Wakacheka. Lakini wiki ile ya ndizi Pudensiana alikuja mchana, kanga kaivuta mpaka kwenye paji la uso, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Dada, usinichukie," alisema kwa sauti ya chini. "Jana jioni, nikipita chini ya dirisha lenu, nilikusikia unamwita marehemu."

"Mimi?"

"Wewe. Kama ulivyokuwa ukimwita zamani. Nikasema moyoni, maskini, uchungu umemrudia. Ila..." Akatazama nyuma yake, kwenye migomba. "Ila ukimwita, kuna anayeitika."

Hadijah hakulia. Jioni ile alimweka Rukaya kwenye mkeka, akakaa jikoni, akafumba mdomo makusudi. Mvua, ambayo kila magharibi ilikuwa ikifunika sauti zote kwa kelele za bati, ilikatika. Ukungu ukashuka kutoka upande wa mlima ukaifunika migomba, na huko msikitini adhana ya magharibi ikaanza. Ndipo aliposikia sauti yake mwenyewe ikitoka chumba cha mashine.

"Muddy! Ingia ndani, magharibi hii!"

Ilikuwa yake kabisa, na kule kukasirika kwa uongo alikokuwa nako alipojua mtoto anajificha. Kabla hajasimama, alisikia huko nje kwenye migomba ndara ndogo zikipiga tope, pwata, pwata, zikija bila haraka, zikapanda ngazi ya uani ambako hakuna aliyeonekana, zikapita mbele yake jikoni zikiacha nyayo za maji kwenye sakafu, na pamoja nazo ikapita harufu aliyoijua kwa sababu aliinusa siku moja tu ya maisha yake na hakuisahau tena, harufu ya karafuu maiti waliyomkoshea mwanawe, na moto wa mkaa mbele yake ukafifia kana kwamba mtu ameupulizia pumzi ya baridi, na huko sebuleni Rukaya akacheka, akasema, "Leo umechelewa."

Mansuri aliporudi kutoka msikitini alimkuta mkewe amemkumbatia mtoto, yuko mlango wa mbele, hataki kuingia.

"Umeweka sauti yangu kwenye mashine," Hadijah alimwambia.

Mansuri akaketi chini, barazani. Akaeleza yote. Alikuwa ameichukua sauti kwenye video ya zamani ya simu. Akaandika mkataba wa kompyuta, ule unaojitekeleza wenyewe ukishaamshwa, akauweka kwenye ile kumbukumbu ya dunia nzima. Kila jua likitua nodi yake inauamsha, mkataba unaandika jina la Muddy, na spika inamwita.

"Nilitaka awe na wa kumwita," alisema. "Hata mimi na wewe tukifa. Sikuweka hata njia ya kuufunga, Hadijah. Nilijijua. Nilijua kuna siku watu wataniambia nimwache."

Hadijah alimhurumia, na hofu ilikuwa kubwa kuliko huruma. "Baba Muddy, mtoto anaitwa ndani magharibi kwa sababu ya vinavyotembea nje saa ile. Wewe umeita kila siku, na mtoto hayupo. Sasa umemwita nani?"

Usiku huohuo Mansuri alizima mashine, akachomoa nyaya, akaitoa diski akaifungia kwenye dawati la shuleni. Kesho yake, jua lilipotua, chumba kilikuwa na meza tupu. Sauti ikaita vilevile. Ndara zikaja.

Mansuri alifungua simu yake kutazama kumbukumbu. Mstari mpya ulikuwa umeandikwa saa ileile.

"Mkataba haujiamshi," alinong'ona. "Lazima awepo wa kuuamsha. Niliuacha wazi, yeyote anaweza. Lakini nani anaujua? Nani?"

Rukaya alianza kukohoa. Kikohozi kilikuwa kikavu, cha juu juu, na Hadijah alikijua kama mama anavyojua hatua za mwanawe. Hospitali walimpima, wakasema kifua ni safi, wakampa dawa. Mtoto akanyauka. Alipobebwa alikuwa wa baridi kama kuni iliyolala mvuani. Siku moja, akiwa mgongoni mwa mama yake, alisema, "Kaka anasema kwao hakuna watu wengi. Anasema twende."

Hapo Mansuri akapanda bodaboda mpaka Kisiba kumfuata Ustadhi Kasim, mtu wa makamo anayelima ndizi na kusomea wagonjwa, asiyependa maneno mengi. Alifika na koti la mvua, akavua buti za mpira mlangoni, akainusa hewa.

"Mimi kompyuta siijui," alisema. "Hebu nielezeni mlichofanya, na msinifiche."

Walimweleza. Akasoma kuanzia alasiri, Ayatul Kursiyu, kisha Sura ya Bakara, akinyunyiza maji kwenye pembe za nyumba, na Rukaya amelazwa katikati ya mkeka akihema. Magharibi ilipoingia sauti ikaita, ndara zikaja, zikasimama kwenye kizingiti cha uani. Ustadhi akapandisha sauti. Jasho likamtoka, licha ya ile baridi.

"Toka!" alisema.

"Niliitwa," ikajibu sauti ya Muddy kutoka kwenye ukungu. "Mama aliniita."

Ustadhi akamgeukia Hadijah, akasema polepole, "Aliyevunja mlango namtoa mimi kwa idhini ya Mungu. Huyu amekaribishwa, tena kwa sauti yako. Mwenye sauti ndiye wa kumkataza. Mwambie mwanao yuko kwa Mola wake, na yeye si mwanao. Nami nitasoma nyuma yako."

"Mama, nina baridi," ikasema sauti.

Hadijah akaenda mpaka mlangoni. Hakukuwa na kitu cha kuona, ukungu tu na majani ya migomba yanayodondosha maji, lakini alijua urefu wake, alijua angenyoosha mkono angegusa wapi, alikijua hata kile kipele cha utosini alichokuwa akimkwangua kila Ijumaa wakati wa kumnyoa, na kifua chake kikaanza kuuma kama siku zile za kumwachisha ziwa, na nyuma yake binti yake aliye hai akakohoa mara moja, kikohozi kifupi cha mtu anayekaribia kuacha kupumua.

"Mwanangu yuko kwa Mola wake," alisema. "Wewe si mwanangu. Rudi ulikotoka."

Kitu kikalia. Kililia kama mtoto aliyefungiwa nje, kikizidi kwenda mbali kwenye migomba, mpaka kukawa kimya.

Rukaya alipata joto kabla ya Isha. Asubuhi alikula ndizi nzima, akaomba nyingine.

"Al-hamdulillahi," alisema Ustadhi akivaa buti zake. "Lakini sikilizeni. Mmeniambia hakuna wa kuufuta huo mwito. Basi kila mwito utakapotoka, Mama Rukaya, utamkataza. Kila siku. Na usimpe nafasi ya kuzungumza."

Wamekaa hivyo mpaka leo. Mansuri hana tena shughuli na nodi. Jua likikaribia kutua anambeba Rukaya wanakwenda kukaa kwa Pudensiana. Hadijah anatawadha, anasimama peke yake kwenye mlango wa uani. Mwito unatoka chumba kitupu, ndara zinakuja, naye anakataza. Watu wanamsifu kwa uimara wake.

Asichomwambia mtu, hata Ustadhi, hata mumewe, ni kwamba siku hizi hakatazi papo hapo. Anasubiri kwanza aitwe Mama. Ilikuwa mara moja tu. Halafu ikawa mbili, kwa sababu ile ya pili husemwa kama Muddy alivyokuwa akiisema akiamka, na huwezi kujua utaisikia tena lini. Mwanzo sauti ilikuwa ikimwita kutoka kule mwisho wa migomba. Baadaye ikawa kwenye karo la kufulia.

Jana ilikuwa kwenye ngazi, na ilikuwa ikinong'ona, kwa sababu hapakuwa na haja ya kupaza sauti.